Kasuku Hataki Kuandika

14 Februari

Dada, shikamoo.

Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Mwandiko ni wa wifi yako kama siku zote: mimi nasema, yeye anaandika, na kila nikikohoa ananiuliza kama hicho nacho akiandike. Mgongo wako vipi? Daktari alikukataza kuinama, lakini nakujua, naapa hata sasa una jembe mkononi. Kazi yangu ya kuchomelea si haba. Jana nimefunga geti jipya la zahanati, pale wifi yako anapokaa mapokezi, na mganga mkuu amelifungua na kulifunga mara nne kama mtoto aliyepewa kitu cha kuchezea.

Sasa nililokuandikia. Ni huyu binti yetu Kasuku. Ametimiza miaka tisa, yuko darasa la nne. Jina tulimpa kwa sababu ya mdomo wake, na mdomo haujapungua. Tatizo ni daftari. Mwalimu wake wa darasa ametuita akatuambia kwamba kwa kusema mtoto huyu ni wakili, kwa kuandika ni wa chekechea. Aliwauliza mvua inatoka wapi, Kasuku akasimama akaeleza bahari, jua, mvuke, mawingu, upepo, mpaka wenzake wakampigia makofi. Wiki iliyofuata swali hilohilo likaja kwenye jaribio la kuandika. Akaandika "mvu", akaishia hapo. Akapewa sifuri.

Wanasema asipobadilika kufikia mtihani wa mwisho wa mwezi wa sita, watamrudisha darasa la pili. Kasuku akae na watoto wa miaka saba, Dada! Wewe umefundisha miaka thelathini na minne kabla ya kustaafu. Sema tufanye nini, tutafanya.

Ni mimi mdogo wako.

Wifi, shikamoo. Haya ya chini ni yangu. Mdogo wako amekwambia "ametuita". Niliyeingia ni mimi peke yangu. Yeye alifika kwenye geti la shule, akasimama, akasema kuna mzigo wa vyuma anatakiwa kuupokea karakana. Hapakuwa na mzigo wowote.


2 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Marahaba. Mgongo unauma asubuhi, mchana unasahau. Jembe sikushika, nilishika reki, na reki daktari hakuitaja. Nyumba yetu ya zamani nimeipaka rangi upande wa barabarani, ungekuja ungeona. Tangu tumzike mama hujakanyaga hapa, na huo ni mwaka wa sita. Wifi yangu nampa pole ya kukuvumilia.

Kuhusu Kasuku, usihangaike. Watoto wa namna hiyo wamepita mikononi mwangu wengi tu. Mtoto mwenye akili nyepesi huona kuandika ni kupoteza wakati, basi mkono wake unakuwa mvivu. Dawa ni kurudia. Kila siku akitoka shule anakili ukurasa mmoja kutoka kitabuni, herufi zikae juu ya mstari, nafasi kati ya neno na neno. Akikosea, anaanza ukurasa upya. Hakuna kucheza mpaka umalizike. Atalia wiki mbili, ya tatu atazoea. Usimwonee huruma, huruma ndiyo inayowaharibu.

Hata wewe nilikukalisha hivyo hivyo, unakumbuka. Na leo u fundi unayejulikana.

Nawaombea heri nyote,
Dada yako.


20 Aprili

Dada, shikamoo.

Sisi wazima. Barua yako tulipata. Tulifanya ulivyosema. Kazi ni nyingi.

Mdogo wako.

Wifi, shikamoo.

Amesema hayo tu, akatoka. Nimemwambia naongeza salamu zangu. Kaa chini usome, maana ni ndefu.

Ule ukurasa mmoja ulikuwa unachukua saa tatu. Sitii chumvi, nilikuwa natazama saa ya ukutani. Kasuku anaishika penseli kama mtu anayeshikilia kamba asianguke, vidole vinakuwa vyeupe, na anakandamiza mpaka karatasi inatoboka. Anaanza juu ya mstari, maneno yanateremka, herufi kubwa zinajichanganya na ndogo katikati ya neno, mengine yameshikana, mengine yamekosa silabi. Nikimwambia, "Soma ulichoandika," anasoma vizuri kabisa, kwa sababu anajua alichotaka kuandika. Macho nimempeleka yakapimwa pale kwetu zahanati, hayana kasoro. Tulikuwa tunamwanzisha ukurasa upya, kama ulivyoagiza. Siku nyingine mara tatu.

Wiki ya tatu ulisema atazoea. Wiki ya tatu alianza kuumwa tumbo kila Jumatatu. Ya nne akanyamaza. Wifi, mtoto huyu ambaye tulikuwa tunamwomba apumzike ili na sisi tupate kusema! Anakula, anajibu ndiyo na hapana, anakwenda kulala. Jirani ameniuliza kama tumemsafirisha.

Jumamosi iliyopita nimerudi mchana, nikawakuta karakana. Kasuku alikuwa ametumbukiza daftari zake zote kwenye lile pipa la maji la kupoozea vyuma. Zote saba. Nilijua leo atachapwa. Lakini baba yake alikuwa amekaa chini kwenye vumbi la chuma, daftari moja bichi liko magotini, na amevaa ngao yake ya uso ya kuchomelea. Nikamwuliza, "Kuna nini?" Akasema, "Moshi umeniingia machoni." Mashine ilikuwa imezimwa, wifi. Na Kasuku amesimama pembeni anamshika bega.

Nimeishi na huyu mwanamume miaka kumi na mmoja. Vipimo vya madirisha ishirini anaviweka kichwani bila kukosea hata kimoja. Sijawahi kumwona akiandika kitu zaidi ya jina lake, na hilo nalo analichora polepole kama anavuka mto. Nikimwuliza ananijibu alipenda chuma kuliko shule. Darasa la tatu wewe ulikuwa mwalimu wake. Kulitokea nini?

Nimekuwekea humu karatasi moja ya Kasuku iliyosalimika. Itazame kwa utulivu. Mimi nimewaambia wote wawili kunakili kumekwisha. Nisamehe kama nimekuvunjia heshima.


11 Mei

Wifi yangu,

Hujanivunjia heshima. Barua hii naituma zahanati ili ikufikie wewe kwanza. Huku tu wazima. Mvua imenyesha, paa halivuji.

Hilo la darasa la tatu tuliache kwa sasa.

Karatasi ya Kasuku niliiweka mezani siku nne. Nilikuwa napita naiangalia, kisha naondoka, kama mtu aliyefikiwa na mgeni asiyemtaka. Siku ya tano nikaichukua nikaenda nayo kwenye shule yangu ya zamani. Wamepata mwalimu wa elimu maalumu, binti mdogo tu, wamempa chumba kilichokuwa stoo ya majembe. Kwa kweli nilikwenda ili anihakikishie kwamba nilikuwa sahihi.

Aliiangalia karatasi muda mrefu. Akaniuliza maswali: Anaposimulia, anasimulia vizuri? Nikasema kuliko mimi. Anasoma? Anasoma. Mkono unachoka haraka? Anakwepa siku za kuandika, anaumwa tumbo, kichwa? Kunakili kutoka ubaoni kunamchukua muda kuliko wenzake? Kila swali lilikuwa kama ameishi nyumbani kwenu.

Kisha akasema, "Mwalimu, naomba ufanye kitu kimoja. Shika kalamu kwa mkono wa kushoto. Nitakusomea hadithi, uiandike, na kila ukimaliza neno utaje miezi ya mwaka kwa kurudi nyuma."

Nikacheka. Nikashika kalamu. Wifi, nilifika "Novemba" nikawa nimesahau neno, nikakumbuka neno nikawa nimepoteza mwezi, naye anaendelea kusoma tu, hasubiri. Jasho likanitoka. Mwisho nilikuwa na mistari miwili iliyopinda. Akaichukua, akaitazama, akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, mbona mvivu?"

Maneno hayo nimeyasema mimi miaka thelathini na minne.

Akanieleza kwamba wapo watoto ambao akili zao ni timamu, wengine kali kabisa, lakini njia kati ya fikra na mkono imejaa vikwazo. Kwetu sisi herufi zinajiandika zenyewe. Kwao kila herufi ni kazi mpya: inaanzia wapi, inageukia wapi, ikae juu ya mstari au chini; wakishamaliza hayo, wazo lenyewe limeshakimbia. Wataalamu wanaita disgrafia. Kuchapwa hakuiondoi, na kurudia ukurasa uleule kwa hasira kunamfundisha mtoto jambo moja tu, kwamba yeye ni mjinga. Alinionya pia kwamba karatasi moja haitoshi kumpa mtu jina la tatizo, Kasuku lazima aonwe na mtaalamu. Uliza hospitali kubwa ya huko, hukosi kumpata.

Wakati mnasubiri, fupisheni kazi ya kuandika. Aseme kwanza jibu lote, ndipo aandike kidogo. Penseli iwe nene. Herufi azifanye kubwa, kwa mkono mzima, ukutani au kwenye mchanga, azishike kwa vidole kabla ya kuziandika. Na muiombe shule imtahini kwa mdomo. Nimekuwekea barua ya yule mwalimu kwa mkuu wa shule yenu, na karatasi ya maelezo yake.

Mwambie Kasuku shangazi yake alikosea. Mwambie kwa maneno hayohayo, usiyapambe.

Wifi yako.


3 Juni

Dada, shikamoo.

Mke wangu amekiri. Nilimkuta anasoma barua yako nyuma ya dirisha la mapokezi, akanisomea yote, na ile aliyokuandikia ya Aprili akanieleza. Nilikasirika tangu pale hadi nyumbani. Tulipofika nyumbani nikawa nimechoka kukasirika.

Ujumbe wako Kasuku ameupata. Aliuliza, "Shangazi amekosea kweli, au anasema tu?" Nikasema kweli. Akaenda kukaa uani peke yake. Baadaye nikamsikia anamwambia kuku habari hiyo.

Tumempeleka hospitali. Mtaalamu alikaa naye asubuhi nzima na akasema kama alivyosema mwalimu wako. Nimemtengenezea herufi. Nilikata waya mnene, nikazikunja moja moja, nikalainisha ncha zisimkate, nikazifunga kwenye ubao. Anapitisha kidole huku anasema, "Hii inapanda, inageuka, inashuka." Ile S ilinisumbua, niliikunja kinyume mara mbili, Kasuku ndiye aliyegundua. Akanicheka. Dada, nilikuwa nimesahau kicheko chake.

Mkutano na walimu kuhusu kumtahini kwa mdomo ni tarehe kumi na saba. Wifi yako anataka niingie mimi. Sijui.

Kuna jambo. Kwenye karatasi ya yule mwalimu, wifi yako amenisomea mstari unaosema kwamba mara nyingine hali hii hutembea katika ukoo, mzazi anaweza kuwa nayo asijue. Wewe katika barua yako umeandika mengine yote, huo mstari umeuruka. Kwa nini umeuruka?

Mdogo wako.


9 Juni

Mdogo wangu mpendwa,

Marahaba. Leo sina habari za nyumba wala za mgongo.

Niliuruka kwa woga.

Ulikuwa na miaka tisa, umri wa Kasuku sasa. Mimi nilikuwa na ishirini na miwili, mwaka wangu wa kwanza kazini, na walimu wenzangu walikuwa wananiuliza, "Huyu asiyejua kuandika si ni mdogo wako?" Aibu ile niliibeba vibaya, nikaitua juu yako. Siku ile ulikuwa umejibu kwa mdomo maswali yote ya jiografia. Nikakwambia uandike majibu hayohayo. Ukaandika mistari miwili isiyosomeka. Nikachukua daftari lako, nikalitoboa, nikalitia uzi, nikakufunga mgongoni likiwa wazi, nikakuzungusha madarasa matatu. Katika darasa la mwisho ulinigeukia ukaniangalia. Hukulia. Niliyaona macho yako nikajua kabisa kwamba nafanya ubaya, na nikaendelea, kwa sababu watoto walikuwa wanatazama na mimi nilikuwa mwalimu.

Ulipoacha shule darasa la tano, nyumbani tulisema unapenda chuma. Baba alisema, mama alisema, na mimi nilisema kwa sauti kuwapita wote.

Hukuwa mvivu. Hukuwa mjinga. Nadhani ulikuwa na kitu kilekile alicho nacho binti yako, na mtu pekee katika familia aliyesomea ualimu ndiye aliyekuumiza. Naweza kusema sikujua, kwamba siku zile hakuna aliyetufundisha. Ni kweli. Lakini ile ya daftari mgongoni haikuhitaji mtu afundishwe.

Naomba unisamehe. Usipoweza, nitaelewa. Ila tarehe kumi na saba ingia ndani ya ile shule. Usiingie kwa ajili yangu.

Dada yako.


30 Julai

Mdogo wangu,

Sijapata neno lolote. Posta nimekwenda mara tano, karani sasa akiniona anatikisa kichwa kabla sijamsalimia. Kama hutaki kuniandikia, mwambie wifi aandike neno moja tu: Kasuku yuko darasa gani?

Dada.


25 Agosti

Dada, shikamoo.

Tusamehe kwa kimya. Tulipata barua zako zote mbili. Wifi yako alikuwa anakaa na kalamu kila Jumapili, mimi nafungua mdomo, halafu nakumbuka kuna bawaba ya kutia mafuta. Leo amefunga mlango na kukalia ufunguo.

Kasuku yuko darasa la nne na mwakani anakwenda la tano.

Barua yako ya Juni ilifika asubuhi ya mkutano. Wifi yako alinisomea mara mbili. Nikaikunja nikaitia mfuko wa shati, nikavaa viatu. Pale kwenye geti la shule miguu ilikataa tena. Kasuku akanishika mkono, akasema, "Baba, ni mlango tu. Wewe si unatengeneza milango?" Nikaingia.

Walikuwa walimu watano na mkuu wa shule. Mkuu ni mtu mstaarabu, alisoma barua ya mwalimu wako na ya mtaalamu, akaziweka chini, akasema, "Mzazi, tukimtahini huyu kwa mdomo, kesho watakuja wengine thelathini wanasema mikono inawauma."

Mwalimu wa darasa akasema, "Na mimi nitajuaje mvivu ni nani na mgonjwa ni nani?"

Wifi yako akataka kujibu. Nikasimama. Dada, sijawahi kusimama mbele ya walimu tangu siku ile unayoijua. Nikawaambia, "Mimi ndiye niliyetengeneza geti la zahanati. Nimechomelea madirisha ya nusu ya mtaa huu. Sijui kuandika. Najua kusoma kidogo, lakini kuandika sijui, na hata wateja wangu hawajui hilo, mnalisikia ninyi leo. Nilipokuwa na umri wa huyu mtoto nilifungwa daftari mgongoni nikazungushwa madarasani. Aliyenifunga alikuwa mwalimu mzuri. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, na hakuna aliyemwambia. Ninyi mmeambiwa. Barua ziko hapo mezani."

Nikakaa. Mwalimu wa darasa akainamisha kichwa. Mkuu wa shule akamwita Kasuku, akamwuliza, "Mvua inatoka wapi?" Akaeleza, Dada, mpaka akaambiwa inatosha.

Alifanya mtihani kwa mdomo, mwalimu akiandika majibu yake. Sayansi amekuwa wa tatu. Hesabu katikati. Ya kuandika yenyewe bado, nisikudanganye: mistari minne kwa nusu saa, na siku nyingine anatupa penseli chini anasema hataki. Basi tunaiacha mpaka kesho. Shule imempa muda zaidi. Mwalimu wa darasa ameanza kuwaangalia wengine wawili wa nyuma, amekuja karakana kuniomba seti ya herufi za waya. Nimemtengenezea. Safari hii S imekaa sawa.

Sasa lile jambo lako.

Nilikuwa na hasira nawe miaka mingi sana mpaka nikaacha kuiona kama hasira. Nilidhani ndivyo nilivyo tu, mtu asiyependa safari. Miaka sita sikuja kwenu, nilikuwa najiambia ni kazi. Uliponiomba msamaha nilitafuta ndani yangu nikakuta hakuna cha kukupa siku hiyo, na sikutaka kukutumia maneno matupu. Ndiyo sababu ya kimya. Lakini juzi nilikuwa nakata nondo, nikakumbuka nilivyowaambia wale walimu kwamba ulikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili. Hakuna aliyenituma niseme hivyo. Lilitoka lenyewe. Nikazima mashine nikasimama pale. Mfanyakazi mwenye umri huo ninaye hapa karakana, na kila siku namwona ni mtoto mdogo kabisa.

Kwa hiyo, Dada, limekwisha. Sisemi nimesahau. Nasema limekwisha.

Likizo ya Desemba tunakuja, watu watatu, tutakaa wiki mbili. Usipike kama unalisha harusi, na usishike hilo jembe. Kasuku anataka kujua kama kweli ulikuwa mwalimu mkali, na unaogopa nini, na kwa nini watu wazima hukosea halafu wanakaa na kosa muda mrefu hivyo. Nimemwambia shangazi yake atamjibu mwenyewe.

Mdogo wako anayekupenda.